Kichwa cha Mvuke Kinapozeeka: Kukiboresha, Kukistaafisha au Kukihifadhi

SOMO KWA WAKAAZI

Lengo la somo hili ni kumsaidia mkaazi kuelewa jinsi uamuzi wa kuboresha au kustaafisha mtambo mkubwa wa umma unavyofanywa. Mfano uliotumika ni vichwa vya treni vya mvuke vilivyofanya kazi kwenye reli nyembamba ya Kenya, ile yenye upana wa mita moja. Mambo yaliyozikuta karakana za reli miaka hamsini iliyopita ndiyo yanayozikuta kaunti leo zinapoamua kuhusu greda lililochakaa, pampu ya kisima au boila ya hospitali. Mtambo ukizeeka, kuna anayesema utengenezwe, kuna anayesema uuzwe, na kuna anayesema uachwe ulivyo. Mwananchi anayejua maswali ya kuuliza hatadanganywa na yeyote kati ya hao.

1. Reli nyembamba na mzigo mzito

Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Njia ilifika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwaka wa 1899, na Desemba 1901 ikafika ukingoni mwa Ziwa Victoria, mahali panapoitwa leo Kisumu. Waliojenga walichagua upana wa milimita 1,000 kati ya reli na reli. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435.

Reli nyembamba ina faida zake. Inaweza kupinda kwa kona kali, kwa hiyo inazunguka kilima badala ya kukitoboa, na gharama ya ujenzi inapungua. Lakini wepesi huo una bei yake. Kichwa cha mvuke hupata nguvu kutoka kwa moto, na moto huhitaji tanuri pana. Katika kichwa cha kawaida, tanuri hukaa juu ya magurudumu au katikati yake. Magurudumu yakikaribiana, nafasi ya tanuri hubana. Tanuri dogo hutoa mvuke kidogo, na mvuke kidogo hauvuti mzigo mkubwa mlimani.

Na milima ipo. Kutoka usawa wa bahari Mombasa, treni hupanda hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kuelekea magharibi, njia hupanda tena hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700, kabla ya kuteremka kuelekea Eldoret na mpaka wa Uganda. Isitoshe, sehemu kubwa kati ya Mazeras na Tsavo ni nchi kavu, na kichwa cha mvuke hunywa maji kuliko kundi la ng'ombe.

2. Jibu la wahandisi: Garratt

Mhandisi Mwingereza Herbert William Garratt alibuni njia ya kulitatua tatizo hili mwanzoni mwa karne ya 20. Badala ya kuweka boila juu ya magurudumu, aliitundika katikati, kati ya mafungu mawili ya magurudumu, moja mbele na lingine nyuma. Kila fungu lina silinda zake na linageuka peke yake kwenye kona. Tangi la maji hukaa juu ya fungu la mbele, mafuta au makaa ya mawe juu ya fungu la nyuma. Kwa kuwa hakuna magurudumu chini ya boila, boila inaweza kuwa nene na tanuri likawa pana na la kina. Uzito nao hugawanyika kwenye ekseli nyingi, hivyo reli nyepesi haivunjiki.

Vichwa vya kwanza vya aina hii vilitengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester mwaka wa 1909 kwa ajili ya Tasmania. Reli ya Kenya na Uganda ilipokea Garratt zake za kwanza mwaka wa 1926.

Kilele cha ubunifu huo hapa Afrika Mashariki kilikuwa vichwa vya daraja la 59. Vilikuwa 34, vilivyotengenezwa na Beyer Peacock mwaka wa 1955 na 1956 kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa takriban tani 250 na urefu wa mita 32 hivi. Kiliweza kuvuta treni ya tani 1,200 kutoka Mombasa hadi Nairobi, umbali wa kilomita 530 hivi. Vilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, kama vile Mount Kenya na Mount Elgon. Baada ya kuja kwao, hapakuwa tena na kichwa cha mvuke chenye nguvu zaidi kikifanya kazi kwenye reli ya upana wa mita moja popote duniani.

Lakini daraja la 59 halikuweza kwenda kila mahali. Kila ekseli ya kuvuta iliikandamiza reli kwa tani 21 hivi, na hiyo ilihitaji reli nzito. Kwenye matawi yenye reli nyepesi, shirika lilitumia vichwa vya daraja la 60, ambavyo ekseli zake zilibeba takriban nusu ya uzito huo. Hapa pana funzo la kwanza: mtambo bora ni ule unaofaa njia yake. Kununua mashine kubwa kuliko barabara, daraja au umeme uliopo ni kununua tatizo.

3. Kuboresha: njia zilizotumika

Kichwa cha mvuke kinaweza kufanya kazi kwa miaka 40 au zaidi, mradi kiwe kinaboreshwa. Zifuatazo ni njia zilizotumika.

Kubadilisha kuni na makaa kuwa mafuta. Kwa miaka mingi treni za Kenya zilitumia kuni pamoja na makaa ya mawe. Baadhi ya misitu ya mikaratusi iliyo karibu na reli ilipandwa kwa ajili hiyo. Kuni zilihitaji watu wengi wa kukata, kupakia na kutupa tanurini, na cheche zake ziliweza kuwasha nyasi kando ya njia. Makaa ya mawe yalilazimika kuagizwa kwa meli. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, reli iligeukia mafuta mazito, yale yanayobaki baada ya petroli na dizeli kutolewa. Boila ikabaki ileile. Kilichobadilika ni tanuri na tangi. Vichwa vya daraja la 59 vilikuja vikiwa tayari vya mafuta.

Kukausha mvuke. Mvuke unaotoka moja kwa moja kwenye maji yanayochemka una unyevu. Ukifika kwenye silinda baridi, sehemu yake hugeuka maji tena na nguvu hupotea. Wahandisi waliongeza mirija inayopitisha mvuke kwenye moshi wa moto mara ya pili kabla haujafika kwenye silinda. Mvuke ukawa mkavu na wenye joto zaidi, na matumizi ya mafuta na maji yakapungua sana.

Kuboresha bomba la moshi. Katika kichwa cha mvuke, mvuke uliokwisha kufanya kazi hutolewa kupitia bomba la moshi, na unapotoka huvuta hewa kupitia tanurini. Ndiyo sababu kichwa hupumua kwa mlio wa "puff, puff". Bomba likiwa baya, pistoni hulazimika kuusukuma mvuke nje kwa nguvu, na nguvu hiyo hupotea. Mhandisi wa Austria, Adolph Giesl-Gieslingen, alibuni kifaa chenye nozeli ndogo kadhaa zilizopangwa mstari mmoja, na juu yake bomba bapa badala ya la duara. Vichwa vingi vya Afrika Mashariki vilifungwa kifaa hicho. Anayetazama picha za zamani atalitambua bomba hilo kwa ubapa wake.

Beringi za rola. Ekseli za zamani zilizunguka ndani ya vyuma vilivyopakwa mafuta, na zilipata moto zikikosa kutunzwa. Beringi za rola zilipunguza msuguano na muda ambao kichwa hukaa karakanani.

Kutibu maji. Maji yenye chumvi na chokaa huacha ukoko ndani ya boila, kama ule unaoonekana ndani ya sufuria inayochemshiwa maji ya kisima kila siku. Ukoko huzuia joto kupita. Chuma hupata joto kupita kiasi na mirija hupasuka. Kutibu maji kwa dawa na kuosha boila mara kwa mara ni kazi isiyo na sifa, lakini ndiyo iliyoamua boila ipi itadumu na ipi itakufa mapema.

Orodha hii inaonyesha jambo moja: uboreshaji mzuri mara nyingi si kununua kipya. Ni kutafuta mahali nguvu inapopotea na kupaziba.

4. Uboreshaji una mpaka

Wahandisi wa nchi nyingine walijaribu kwenda mbali zaidi. Nchini Argentina, mhandisi Livio Dante Porta aliboresha vichwa vya reli ya Río Turbio, yenye upana wa milimita 750 tu, ili vichome makaa duni bila kutupa nguvu angani. Mwanafunzi wa mawazo yake, David Wardale, alikijenga upya kichwa kimoja cha Afrika Kusini mwaka wa 1981 kwenye reli ya upana wa milimita 1,067. Kilipakwa rangi nyekundu na kuitwa Red Devil. Majaribio yalionyesha kwamba kilitumia makaa pungufu kwa asilimia 28 na maji pungufu kwa asilimia 30 kikilinganishwa na vile vya asili yake.

Hata hivyo, kilibaki kimoja. Shirika la reli la Afrika Kusini lilikuwa limekwisha kuamua kuhamia umeme na dizeli. Kichwa kile kilishinda katika vipimo, lakini kilikuja wakati mlango unafungwa. Uboreshaji uliochelewa, hata ukiwa mzuri namna gani, hauokoi mtambo ambao mfumo mzima unaouzunguka umekwisha kubadilika.

5. Kwa nini vilistaafishwa

Dizeli kubwa za kuvuta treni za njia kuu zilianza kuingia Afrika Mashariki mwaka wa 1960. Vichwa vya mvuke havikuondoka mara moja. Viliendelea kupungua katika miaka ya 1970. Shirika la pamoja la reli lilivunjika mwaka wa 1977 pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati huo, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka wa 1978. Kufikia 1980, vichwa vya daraja la 59 vilikuwa vimemaliza kazi yao. Sababu zilikuwa kadhaa, na zilikuja pamoja.

Kwanza ni matumizi ya nishati. Kichwa cha kawaida cha mvuke hugeuza chini ya asilimia 10 ya joto la mafuta yake kuwa nguvu ya kuvuta. Dizeli hugeuza takriban asilimia 30. Kwa maneno mengine, katika kila lita 100 zinazochomwa kwenye kichwa cha mvuke, zaidi ya 90 huishia hewani. Ni kweli kwamba mafuta mazito yalikuwa ya bei nafuu kuliko dizeli, na hiyo ilivipa vichwa vya mvuke miaka ya ziada. Lakini tofauti ya bei haikuweza kufunika pengo lote.

Pili ni muda. Kichwa cha mvuke kilichopoa huhitaji saa nyingi kuwashwa, kwa sababu boila ikipashwa moto haraka, chuma hutanuka bila usawa na kupasuka. Kisha kuna kusafisha, kupaka mafuta, kujaza maji njiani na kuosha boila. Dizeli huwashwa kwa dakika chache na inaweza kwenda safari ndefu bila kusimama kunywa maji.

Tatu ni wafanyakazi. Kichwa cha mvuke kinahitaji dereva na mchochea moto, na nyuma yao kundi la mafundi wa boila, wasafishaji na wahudumu wa matangi ya maji. Dizeli mbili au tatu zinaweza kuunganishwa na kuendeshwa na dereva mmoja kutoka chumba kimoja.

Nne ni vipuri. Kampuni ya North British ya Glasgow, iliyotengeneza vichwa vingi vya Afrika Mashariki, ilifungwa mwaka wa 1962. Beyer Peacock ilifunga kiwanda chake mwaka wa 1966. Kuanzia hapo, kila kipuri kikubwa kilipaswa kutengenezwa katika karakana za nyumbani au kutolewa kwenye kichwa kingine kilichosimama. Mtambo ambao mwenye kuutengeneza hayupo tena huanza kujila wenyewe.

Tano ni usalama. Maji yakigeuka mvuke katika hali ya kawaida hutanuka takriban mara 1,600. Ndani ya boila, nguvu hiyo imefungiwa. Maji yakipungua hadi chuma cha juu ya tanuri kikabaki wazi, chuma hicho hulainika kwa joto na kinaweza kuachia kwa kishindo. Ndiyo maana boila huwekewa valvu za usalama, vioo vya kupima maji, na vizibo vya risasi vinavyoyeyuka mapema na kutoa onyo. Kadiri boila inavyozeeka, chuma chake hupungua unene, na hakuna rangi mpya inayoweza kukirudisha.

6. Jinsi ya kustaafisha bila kupoteza

Mashirika ya reli yaliyofanya kazi hii vizuri yalifuata hatua kwa hatua. Kichwa cha njia kuu kilipozeeka, kilihamishiwa kazi nyepesi ya kupanga mabehewa stesheni. Vilivyokuwa na boila mbovu vilitoa vipuri kwa vile vyenye boila nzima. Wafanyakazi nao walihitaji kufundishwa upya, kwa sababu ujuzi wa moto na maji si ujuzi wa injini na umeme. Chuo cha mafunzo ya reli jijini Nairobi kilikuwapo tangu mwaka wa 1956, na bila chuo cha namna hiyo kila mabadiliko ya mtambo yangekuwa pia kufukuzwa kwa watu.

Hatua ya mwisho ni kuamua nini kisiyeyushwe. Vichwa vingi vilikatwa na kuuzwa kama vyuma chakavu. Lakini Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi lilikuwa limefunguliwa mwaka wa 1971, wakati vichwa vya mvuke vingali kazini. Uamuzi huo wa mapema ndio uliookoa baadhi yao. Katika vile 34 vya daraja la 59, viwili viko hapo: nambari 5918, Mount Gelai, na nambari 5930, Mount Shengena. Mtoto wa shule anayesimama kando ya gurudumu la Mount Gelai leo anajifunza kuhusu milima, kazi, ukoloni, ufundi na mafuta, bila kitabu.

Nchi nyingine zimekwenda hatua zaidi na kuviacha baadhi ya vichwa viendelee na kazi ya utalii. Reli ya Darjeeling nchini India, yenye upana wa milimita 610 tu, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 1999. Vichwa vyake vidogo vya mvuke vinaendelea kupanda mlima vikibeba watalii, huku dizeli zikisaidia. Nchini Uswisi, reli ya mlimani ya Brienz Rothorn ilipata vichwa vipya kabisa vya mvuke kuanzia mwaka wa 1992, vinavyotumia mafuta mepesi na kuendeshwa na mtu mmoja. Watalii walitaka mvuke, na reli ikahesabu ikaona mvuke unalipa. Hesabu ndiyo iliyoamua.

7. Kaunti inahusikaje

Reli ni jukumu la serikali ya kitaifa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti jukumu la shughuli za kitamaduni, yakiwemo makumbusho, pamoja na utalii wa ndani ya kaunti. Kwa hiyo stesheni ya zamani, tangi la maji la reli au kichwa kilichosimama kwenye kaunti ni mali isiyo ya kaunti, lakini ni urithi ambao wakaazi wana sauti juu yake. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inatoa njia ya kulinda majengo na vitu vya kihistoria.

Wakaazi wanaoishi karibu na mabaki ya reli wanakumbushwa mambo yafuatayo:

- Kipande cha reli, boliti, sahani ya shaba au behewa lililoachwa si mali ya atakayekiona kwanza. Biashara ya vyuma chakavu inaongozwa na Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015, na anayenunua bila leseni anavunja sheria kama anayeiba. Mwezi Januari 2022 biashara hiyo ilisimamishwa nchini kwa muda kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu ya umma.

- Boliti moja ikitolewa kwenye njia inayotumika, treni inaweza kuanguka. Njia inayoonekana imekufa inaweza kufufuliwa. Treni ya Nairobi hadi Nanyuki ilirejea mwaka wa 2020 kwenye reli ileile ya zamani.

- Boila nyingi za zamani duniani zilifunikwa kwa asbesto ili zisipoteze joto. Vumbi la asbesto likivutwa huharibu mapafu, na madhara huonekana miaka mingi baadaye. Hakuna mtu anayepaswa kubandua kifuniko cha boila kuukuu, na watoto wasichezee hapo.

- Kukata tangi au boila kwa gesi bila kujua kilichomo ndani ni hatari ya moto na mlipuko.

- Anayeona uharibifu amjulishe chifu, polisi au ofisi ya wadi mapema, kabla chuma hakijapakiwa kwenye lori.

8. Kulipeleka somo nyumbani

Kaunti haina vichwa vya mvuke. Ina magreda, matrekta, ambulensi, pampu, jenereta na boila za kufulia na kupikia hospitalini. Viwanda vya chai navyo vina boila zake, na sheria ya usalama kazini inataka boila zikaguliwe kwa vipindi na mtu aliyeidhinishwa. Maswali yaliyokuwa karakanani mwaka wa 1970 ni yaleyale.

Kabla ya kukubali kwamba mtambo utengenezwe, ustaafishwe au uhifadhiwe, mwananchi aulize:

a) Je, sehemu iliyo moyo wa mtambo ni nzima? Kwa kichwa cha mvuke ni boila. Kwa greda ni injini na fremu. Kama moyo umekwisha, vipuri vingine ni mapambo.

b) Mtambo unatumia mafuta kiasi gani kwa kazi moja, ukilinganishwa na mpya? Bei ya kununua hulipwa mara moja, mafuta hulipwa kila siku.

c) Vipuri vinapatikana wapi, na kwa muda gani? Kama mtengenezaji amefunga, nani atatengeneza?

d) Mtambo unakaa karakanani siku ngapi kwa kila siku moja ya kazi? Rekodi ya karakana ionyeshwe.

e) Mtambo mpya utafaa barabara, umeme na maji yaliyopo? Na watu wa kuuendesha wamefundishwa?

f) Ukiuzwa, utauzwa vipi? Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015 inataka kila taasisi ya umma iwe na kamati ya kuondoa mali, na inataja njia halali: kuipa taasisi nyingine ya umma, zabuni ya wazi, mnada wa hadhara, kubadilisha na mpya, au kuiharibu kwa utaratibu. Kuuziana kimyakimya nyuma ya ukuta si mojawapo.

g) Je, kuna kitu cha kuhifadhi? Pampu ya kwanza ya kijiji au gari la kwanza la zahanati linaweza kufundisha watoto kwa miaka mingi.

Greda likikaa juu ya mawe miaka mitano huku nyasi zikilifunika, gharama inaendelea: barabara hazichongwi, vipuri vinaibwa kimoja kimoja, na siku ya mnada bei inakuwa ya chuma tu. Uamuzi wa kustaafisha ukifanywa mapema, mtambo unauzwa ukiwa bado una thamani, na fedha zinarudi kwenye mfuko wa umma. Kuahirisha uamuzi nako ni uamuzi, na kwa kawaida ndio wa gharama kubwa kuliko yote.

Maswali ya kujadili barazani

1. Ni mtambo gani wa umma katika wadi umesimama kwa zaidi ya mwaka mmoja? Kwa nini?

2. Wahandisi wa reli waliboresha bomba la moshi, maji na beringi kabla ya kununua vichwa vipya. Ni uboreshaji gani mdogo unaoweza kurefusha maisha ya pampu ya maji ya kijiji?

3. Kichwa cha Afrika Kusini kilipunguza makaa kwa asilimia 28 lakini hakikuendelezwa. Je, uamuzi huo ulikuwa sahihi? Toeni sababu za pande zote mbili.

4. Ni kitu gani cha kale katika eneo hili kinachofaa kuhifadhiwa kabla hakijageuka chuma chakavu?

Wakaazi wanahimizwa kuyapeleka majibu yao kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma kuhusu bajeti. Shule na vikundi vya vijana vinaweza kulitumia somo hili kwa mjadala, na walimu wanaopanga safari ya Nairobi wanaweza kuwapeleka wanafunzi katika Jumba la Makumbusho ya Reli, waone kwa macho yao ukubwa wa kazi iliyofanywa kwenye reli yenye upana wa mita moja.